Mfungaji Wangu Yumo Fungateni

Walimu wenzangu vijana, mliniaga kwa keki iliyochorwa mpira, na keki nimeila, na nakushukuruni. Lakini mpira ule ulikuwa wa rangi ya chungwa wenye mistari myeusi. Huo ni mpira wa kikapu! Mtu kafundisha netiboli mji huu wa Sib tangu nywele zake nyeusi mpaka zimekuwa za hina, siku ya kuondoka anakatiwa keki ya mchezo wa watu wengine. Mbele ya mudira, mkuu wetu wa skuli, nilitabasamu nikapigwa picha. Nilipofika nyumbani roho ikakataa kutulia. Ndiyo nimekaa kuandika, mjue mnachokirithi.

Vyeo nitaviruka, maana vilikuwa vichache na vyote vilikuja na mikutano.

Nilianza kama mchezaji wa kulipwa. Msicheke. Kwetu Unguja wakati ule mashirika yalikuwa na timu, na shirika langu liliniandika kazi ya ukarani ili niwafungie magoli. Meza yangu ofisini nilikuwa siijui vizuri, ilibidi niulize. Siku moja nilishika faili kwa kuona haya tu, bosi akaja mbio akaninyang'anya. "Zuwena, wacha hiyo, utajikata kidole na tuna mechi Jumamosi!" Basi nikakaa nikajipepea mpaka saa ya mazoezi, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na niliifanya kwa uaminifu.

Kocha wetu alikuwa Bi Kazija, mwanamke mfupi mnene ambaye sijapata kumwona akikimbia, hata mvua ikinyesha. Alifundisha akiwa juu ya kiti. Siku yangu ya kwanza alivua kanga yake ya kichwani, akaitandika chini ya goli, akanisimamisha juu yake. "Hapo ndipo kwako. Ukitoka kwenye kanga, nenda kwenu." Nikamuuliza nitapataje mpira bila ya kukimbia. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya chooni msikitini. "Mfungaji halikimbilii goli, mwanangu. Goli halina miguu, litakwenda wapi?" Na alikuwa na neno jingine ambalo mimi nimekuambieni mpaka mmechoka: tazama kiwiko, usitazame mpira. Kiwiko kinapoelekea ndipo mpira unapokwenda, na kiwiko hakijui kusema uwongo.

Goti liliponikatalia nikaja Maskati, mwanzo wa miaka ya tisini, kwa jamaa zangu waliotangulia. Nikapata kazi ya ualimu wa michezo katika skuli ya wasichana hapa Sib. Uwanja ulikuwa uwa wenye ukuta mrefu, basi. Nguzo hakuna, duara hakuna, na mpira mmoja wa miguu uliokufa pumzi. Mudira wa wakati ule akaniuliza netiboli ni kitu gani. Nikamwambia ni mchezo ambao ukishaushika mpira huruhusiwi kukimbia, na mwenzio haruhusiwi kukugusa. Akafurahi. "Huo khasa ndio unaotufaa," akasema, akatia saini bila ya kuuliza zaidi.

Magoli nilitengenezewa na fundi wa kuchomea vyuma, mtu mzuri sana, ila maisha yake yote alikuwa akitengeneza mageti. Alipoyaleta, kila duara lilikuwa limezungushwa mikuki midogo ya kupendeza, juu na pembeni. Nikamwambia, fundi, hapa unapita mpira wa upepo. Akasema, "Lakini mwalimu, bila ya mikuki litaonekana tupu." Mipira mitatu ilitoboka kabla hajakubali kuikata. Chini tuliyasimamisha kwa tairi kuukuu lililojazwa saruji, na matairi yale ndiyo mnayojikwaa nayo mpaka leo. Mtakalojifunza wenyewe msipolishika kwangu ni kwamba mpira hauachwi juani kwetu huku. Mmoja uliwahi kupasuka saa sita mchana kwa kishindo, mlinzi wa geti akalala kifudifudi, akakataa kuinuka mpaka aletewe maji.

Mambo magumu ya kazi hii hayako uwanjani. Goti lina dawa, kifundo cha mguu kina dawa, hata mama mkali ana dawa yake. Arusi haina dawa. Wasichana wangu wakishamaliza skuli walikuwa wakirudi kila Ijumaa baada ya alasiri, na hiyo ndiyo ilikuwa timu yetu ya kweli. Nikishamlea mfungaji, nikamsimamisha kwenye kanga miaka, kiwiko kikanyooka, huyo, anaolewa. Ananijia na kadi na kuniambia, "Wiki mbili tu, mwalimu, narudi." Sijapata kuona wiki mbili ndefu kama zile. Biriani ya arusi za wafungaji wangu wote nimeila, na kila tonge lilinipita kooni kwa machungu.

Wapinzani wetu walikuwa Wakenya. Walikuwa timu ya wauguzi na wafanyakazi wa huku na huku, wakikaa upande wa Madinat Sultan Qaboos, na kiongozi wao alikuwa Akinyi, muuguzi, mlinzi wa goli, mrefu mpaka ukizungumza naye shingo inauma. Tulicheza nao mechi kubwa moja kila mwaka, na kila mwaka walitufunga, halafu wakatukumbatia, jambo ambalo ndilo lililoniuma zaidi.

Halafu akaja Raya. Nilimpata mtoto wa darasa la sita, mikono kama vijiti vya mshikaki, anarusha mpira huku kafumba macho. Nikamtandikia kanga. Alipofika kufanya kazi katika ofisi moja ya Ruwi alikuwa hakosi. Nnasema hakosi. Akisimama hatua mbili kutoka kwenye nguzo, mpira unaingia bila ya kugusa chuma, na yeye keshageuka kurudi. Akinyi mwenyewe aliniambia, "Huyu msichana wako ako na kitu. Mwaka huu nimeogopa kidogo." Nilikwenda nyumbani nikaimba jikoni.

Raya alikuwa kachumbiwa na Salim, kijana mpole aliyekuwa akijenga nyumba Amerat, nyuma ya majabali. Arusi iliwekwa baada ya mechi. Halafu ami yake mmoja wa Unguja akapata tikiti ya kuja mapema, ukoo mzima ukasema basi arusi isogezwe mbele, na Ijumaa ya mechi ikaangukia katikati ya fungate. Nanyi mnaijua fungate ya kwetu: siku saba bwana na bibi arusi wamo ndani, wanalishwa, wanapumzishwa, na biarusi hatii mguu nje.

Raya alikuja skuli kuniambia, akakaa juu ya tairi la saruji, akalia. Nikamwambia, mwanangu, ni mechi moja, iko mwakani. Akatikisa kichwa.

"Hakuna mwakani, mwalimu. Unajua wewe. Dada yangu alisema wiki mbili, mpaka leo ana watoto wanne. Nikikosa hii nitakwenda Amerat, na Ijumaa itakuwa siku ya kupika, na huko ndiko kwishia kwangu. Salim hana neno. Bibi ndiye mwenye neno, na bibi akishasema mpira umekwisha, umekwisha kwa watu wote."

Nilimpigia simu Akinyi kumwomba asogeze siku.

"Mwalimu, sisi tumebadilishana shifti hadi na watu hatuongei nao. Ijumaa ni Ijumaa. Kwani huyo msichana ako wapi?"

"Yumo fungateni. Hatolewi nje."

"Ati amefungiwa? Alifanya nini?"

"Kaolewa."

"Na ndiye anafungiwa? Wah! Pole yake."

Basi arusi ikawa, na Jumatano nikenda kwa Bi Thuwaiba, bibi yake Raya, na kisahani changu cha visheti. Bi Thuwaiba ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba ile. Wanawe wanaume walikuwa watu wakubwa wa serikali, lakini wakipita mbele yake walipunguza sauti. Alijua nilichokijia tangu nilipovua viatu, kwa hivyo kila nikifungua mdomo alinitilia halua.

"Bi Thuwaiba, nna ombi."

"Kula kwanza."

Nikala. "Ni khabari ya Raya..."

"Kahawa yako inapoa."

Nikanywa. Nilipokuwa siwezi tena kumeza, akaniambia mwenyewe, kwa upole, "Mpira na fungate, Zuwena, wapi na wapi? Biarusi hatoki. Hakimbii. Havui dhahabu yake. Nilikaa mimi, kakaa mama yake, na yeye atakaa. Na akishatoka hapa anakwenda kwa mumewe, mambo ya mpira yamekwisha."

Nilikuwa nishaanza kutafuta viatu. Ghafla nikamkumbuka Bi Kazija na kanga yake. Nikakaa tena.

"Hebu niambie, Bi Thuwaiba. Wanawake wakija kumtazama biarusi, mnawarudisha mlangoni?"

"Astaghfirullah! Mgeni wa biarusi arudishwe?"

"Hata wakiwa wengi?"

"Hata wakiwa jeshi. Nyumba hii haijarudisha mtu."

"Na wakija na vitu vyao?"

"Mgeni haji mikono mitupu," akasema. Akanikazia macho. Aliuona mtego, lakini mguu ulikuwa ushaingia.

"Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa," nikamwambia. "Mimi sitaki atoke. Sitaki akimbie. Mtandikieni mkeka uwani kwenu, asimame juu yake, asiuache. Sisi tutaleta goli."

Akacheka bila ya kutaka, tumbo likimtikisika. "We Zuwena, na wewe ulikuwa karani kweli?" Halafu akanyanyua kidole. "Haya. Mwanamme hata mmoja asitie pua uwani. Na nnakubali kwa jambo moja tu: mtoto auage mpira wake kwa heshima. Sisi watu wa nyumba hii hatuachi jambo kwa aibu. Ijumaa hiyo moja, auage, basi." Raya alikuwa nyuma ya pazia. Niliuona ukingo wa shela lake ukitikisika, na najua alisikia kila neno.

Ijumaa tukayapakia magoli kwenye pikapu. Wakenya walifika wamevaa jezi ndani na magauni marefu juu, wamebeba seti ya masufuria kuwa zawadi, na Akinyi aliinama kupita mlangoni. Uwa ulikuwa mkubwa lakini si uwanja, kwa hivyo tukakubaliana wachezaji watano watano. Filimbi nikaishika mimi.

"Mwalimu," akasema Akinyi, "wewe ndiye kocha na wewe ndiye refa?"

"Na wewe ndiye mgeni. Kula sambusa."

Raya akatolewa ndani kwa vigelegele. Subhanallah! Gauni la kijani, michoro ya piko mpaka kwenye viwiko, bangili za dhahabu kila mkono tangu kifundo mpaka karibu na kiwiko, mikufu juu ya mikufu. Akasimamishwa juu ya mkeka chini ya goli, karibu yake shangazi mmoja na kipepeo cha kumpepea. Nikatia filimbi mdomoni. Akinyi akanyoosha mkono.

"Ngoja. Sheria ni sheria. Hakuna kucheza na vyuma. Zile bangili zitanitoa jicho."

"Dhahabu haivuliwi," akasema Bi Thuwaiba kutoka kwenye kiti chake.

"Basi hachezi, Mama."

"Basi hamchezi nyote, na mtakula mkaondoka."

Wakatazamana, mmoja mrefu kama mlingoti, mmoja kakaa. Nilihisi mechi inanitoka mikononi. Ndipo Akinyi alipofungua mkoba wake. Muuguzi ni muuguzi, hata Ijumaa hatembei bila ya vitu vyake. Akatoa bendeji, mwenziwe akatoa nyingine, wakamshika biarusi mmoja huku mmoja huku, wakamfunga mikono yote miwili, bangili zikapotelea ndani. Dhahabu haikuvuliwa na chuma hakikuonekana. Bi Thuwaiba akazikagua kwa kuzibonyeza. "Mashallah, wanafunga vizuri," akasema, na tangu hapo aliwaita Wakenya wanangu.

Tukaanza. Wasichana wangu wakawa wanapeleka mpira kwenye mkeka, Raya anaudaka kwa mikono yake ya pamba, anaelekeza kiwiko, ndani. Kila ukiingia mashangazi, wa kwao na wa kwa Salim, wanainuka na kumtunza, noti wanazichomeka kwenye bendeji, wanamzunguka na vigelegele, na mimi sina la kufanya ila kungoja na filimbi yangu. Akinyi alipiga kelele kwamba hiyo si netiboli, hiyo ni harambee. Lakini aliporuka akaupangua hewani mpira mmoja kabla haujafika mkekani, shangazi mmoja akamchomekea na yeye noti kwenye jezi, na malalamiko yakapungua sana.

Katikati ya mchezo mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa teke. Alikuwa Salim, bwana arusi, katumwa na wanaume waliokaa majlisi, sebule yao ya mbele, kuleta kreti la juisi, wala hakuambiwa kuna nini uwani. Alimwona mkewe wa siku nne mikono yote imefungwa bendeji na wauguzi wamemzunguka. Kreti likaanguka.

"Mmemfanya nini mke wangu? Raya! Umevunjika?"

"Toka!" akapiga ukelele Bi Thuwaiba. "Wanawake wamo vichwa wazi!"

Maskini kijana akafumba macho kwa viganja, akarudi kinyumenyume, akaigonga nguzo ya goli, akaiomba radhi, akapotea. Tulicheka mpaka Mkenya mmoja akakaa chini. Baada ya muda kidogo tukasikia sauti nyuma ya mlango, ya chini kabisa: "Nani anashinda?"

Walikuwa wanashinda wao, kwa goli moja, na muda ulibaki wa shuti la mwisho. Mpira ukaja mkekani. Raya akaudaka hatua mbili kutoka kwenye nguzo, pale pake, pale ambapo kwa miaka sijamwona akikosa. Akiutia, tunatoka sawa sawa, wageni wanaheshimika, wenyeji wanaheshimika, na Bi Thuwaiba anapata ile heshima ya kuagia. Mimi nilisimama pembeni, na kwa mazoea yangu sikuutazama mpira. Nilitazama kiwiko.

Kiwiko kilielekea ukutani.

Mpira ukapita juu ya duara bila ya kuligusa, ukampiga shangazi wa kipepeo. Nikapiga filimbi, maana mdomo ulipiga wenyewe. Wakenya wakaruka, wakaimba, wakamkumbatia kila mtu. Raya akakaa juu ya mkeka, akainamisha uso kama biarusi apasavyo.

Bi Thuwaiba alisimama. Sijapata kumwona akisimama bila ya kushikwa. "Ngojeni," akasema. "Wamekula sambusa zangu, wamekunywa juisi yangu, wamenifunga uwani kwangu, mbele ya wakwe? Halafu ndiyo tumeaga? Haiwi! Haiwi abadan! Wewe mrefu, wiki ijayo mna kazi?"

"Tutabadilisha shifti, Mama," akasema Akinyi.

"Badilisheni. Raya, Ijumaa ijayo ushatoka fungateni, utakimbia." Akageukia mlango. "Salim! Najua umo hapo. Utamleta mkeo Sib, unasikia?"

"Nasikia, Bibi," ikasema mbao ya mlango.

Ijumaa ya pili tukawafunga, katika uwa wa skuli. Akinyi naye akasema hawezi kuondoka hivyo, kwao ni aibu. Basi ikawa mechi ya kulipana, na deni la namna hiyo haliishi. Salim alimleta mkewe kutoka Amerat kila Ijumaa, akakaa garini nje ya ukuta akisikiliza redio. Walipopata mtoto, mtoto alikaa naye garini. Kwa Raya nikapata mfungaji wa kwanza aliyerudi, na nyuma yake wakaanza kurudi wengine, maana wakisema nyumbani kwao, "Lakini Raya anacheza, na bibi yake ni Bi Thuwaiba," watu wakawaachia waje.

Bi Thuwaiba keshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Alikuwa na kiti chake kivulini mpaka mwaka wake wa mwisho, na nnampenda na nnamkosa. Angalikuwa hai nisingaliandika khabari ya kiwiko.

Siku ile ya keki yenu, mlipokwisha kuondoka, Raya alibaki uwani kunisaidia kukusanya sahani. Mpira ulikuwa chini, wa netiboli, mweupe, kama unavyotakiwa. Akauokota kwa mkono mmoja, mkono wa pili una sahani, akautupa hatua mbili kutoka kwenye nguzo. Ukaingia bila ya kugusa chuma.

Nikamuuliza. Miaka yote sikuwahi kumuuliza. "Na siku ile, Raya?"

Hakujifanya hajui siku gani. Alipangusa makombo mezani, polepole.

"Siku ile mkono ulikuwa na bendeji, mwalimu."

Mikono yote miwili ilikuwa na bendeji tangu mwanzo wa mechi, na mpaka shuti lile alikuwa hajakosa hata moja. Nikaivua filimbi shingoni nikamvika.